Injinia na Nukta Zake

Alitaka aitwe Injinia, nasi tukamwita Injinia, maana kubishana naye kulichosha kuliko kumwita. Alizaliwa wapi na alisoma wapi sijui, na kwa jinsi alivyokuwa akisimulia, nadhani hata yeye alishachanganya. Wiki hii alikuwa amesoma Ulaya, wiki inayofuata Asia. Neno ambalo halikubadilika ni "nje". "Nilipokuwa nje," angeanza, na sisi tuliokuwa ndani tungejua kwamba mkutano huo umekula asubuhi yote.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, mtaa wa nyuma ya Msimbazi, juu ya duka la jumla la vitenge la Mama Shayo. Sisi tulikaa chumba cha mbele na feni moja iliyokuwa ikizunguka kama inalazimishwa. Yeye alikaa chumba cha ndani chenye kiyoyozi, na bado alikuwa akivaa koti. Alivaa koti Januari, Kariakoo, watu wanatembea wamejimwagia maji kichwani. Mchana alikuwa akiagiza chipsi mayai kutoka kibandani, kisha anatoa mkobani kisu na uma alivyokuja navyo kutoka nyumbani, anaikata vipande vidogo vidogo huku akituangalia sisi tunaokula kwa mkono. Na alikuwa akiitikia "Marahaba" kabla hujamsalimu. Unafungua mlango, hujasema neno, tayari umeshaitikiwa.

Alikuwa na misemo. "Fundi anaunganisha, msanifu anaona." Huo ndio alioupenda zaidi. Ukimletea kazi uliyoihangaikia wiki nzima, anaegemea kiti, anaifumbia macho nusu, anasema, "Mimi kazi yangu ni kuona." Kisha anaona kosa. Akikosa kosa, anasema haikuwa na roho.

Hapa inanibidi nieleze kazi yenyewe. Tulikuwa tunatengeneza kihariri, yaani chombo ambacho waandishi wa programu za kompyuta hukitumia kuandikia, na chetu kilikuwa kinaongea Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, kwa ajili ya wanafunzi. Mtu anayeandika programu haandiki tu na kuacha. Kila hatua aliyoridhika nayo huiweka kwenye historia, ili akiharibu leo aweze kurudi kwenye ile ya jana. Kwa hiyo kihariri kinatakiwa kimwambie mambo mawili kwa kutupia jicho tu. La kwanza, pembeni mwa kila mstari: huu ni mpya, huu umebadilishwa, hapa pamefutwa kitu. La pili, chini ya skrini: kazi yako yote imeshaingia kwenye historia, au bado. Ni alama ndogo kuliko punje ya mtama, lakini mtu akidanganywa na alama hiyo amepoteza kazi.

Injinia ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya alama. Aliamua ziwe nukta. Nukta ya kijani, imeingia. Nukta nyekundu, bado. Pembeni mwa mistari hivyohivyo, nukta na rangi. "Wenzetu huko nje wanafanya hivi," alisema, na mjadala ukafungwa.

Nitasema ukweli, alikuwa na kipaji. Alijua kitu kikae wapi. Alikuwa akipita nyuma yangu, anasimama, anasema, "Hii nukta iko mbali na neno lake, binti. Jicho litachoka njiani," na ukiisogeza unaona kweli, ukurasa umepumua. Hilo sikuwahi kulielewa: mtu aliyejaa majivuno kiasi kile, halafu mara moja kwa wiki anasema jambo la kweli kabisa.

Na kulikuwa na misiba. Kwenye msiba Injinia alikuwa mtu mwingine. Mwenzetu Nilesh, ambaye ndiye hasa aliyeandika moyo wa kile kihariri, anatoka kwenye familia ya Kihindu ya Kisutu. Baba yake alipofariki, Injinia alinipigia simu kuniuliza mavazi gani yanafaa. Nikamwambia meupe. Alifika amevaa nguo nyeupe tupu, bila koti, nikaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa mwembamba. Alisimama juani kwenye uwanja wa kuchomea maiti mpaka shughuli ikaisha, hakushika simu, hakusema "nilipokuwa nje". Ningependa kumdharau mtu huyu bila kubakiza, lakini siku ile inanikatalia.

Siku nyingine hazinikatalii.

Kwenye kompyuta kila rangi ina namba yake. Ukimwonyesha Injinia rangi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Namba yake?" Unamtajia, anatikisa kichwa, anasema, "Kijani imezidi hapo. Punguza," na kweli ilikuwa imezidi. Sisi tulidhani huo ndio utaalamu wenyewe. Wageni walishangaa. Mimi nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka na kujiuliza kama nitakuja kuzijua rangi kwa namba kama yeye.

Siku moja walikuja wageni waliotaka kuweka fedha zao kwenye mradi. Injinia akawaweka mbele ya skrini kubwa, akaanza maelezo. Asubuhi hiyo kulikuwa na hitilafu, nukta ya chini ilikuwa nyekundu na haikubadilika muda wote. Akainyooshea kidole. "Angalieni hii kijani," aliwaambia. "Ona inavyotuliza macho." Wageni wakatazamana. Mmoja akatabasamu, akadhani ni utani wa kisomi. Sisi tuliokuwa nyuma tukaona ni yaleyale, mtu amekariri hotuba yake na haangalii anachokizungumzia.

Nilesh hakutabasamu. Baada ya siku chache alileta pendekezo kikaoni. Mstari mpya uwekewe alama ya kujumlisha. Uliobadilishwa uwekewe wimbi dogo. Palipofutwa pawe na pembetatu. Na chini ya skrini, badala ya nukta, kisanduku: kikifungwa, kazi yako imeingia, kikiwa wazi, bado. Rangi zibaki kama mapambo.

"Kuna wanaume wengi hawatofautishi nyekundu na kijani," Nilesh alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Wengine hawasemi. Mtu kama huyo nukta hazimwambii kitu."

Injinia aliegemea kiti, akafumba macho nusu. Kisha akasema, "Nilesh, unatengeneza programu au kitabu cha chekechea?"

Wenzetu wakacheka, na pendekezo likafa hapo. Nilimwona Injinia akitoa leso na kujifuta shingo, na kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi.

Tukakipeleka kihariri kwenye chuo kimoja cha jirani, wanafunzi wakakijaribu kwa muhula mmoja. Kompyuta za pale zilikuwa zikifutwa kila Ijumaa ili wengine wazitumie. Wanafunzi waliambiwa wasiogope, kilichoingia kwenye historia kinatunzwa kwenye mashine kuu ya chuo, na nukta ya chini itawaambia kama kimeingia. Mwisho wa muhula tukaitwa kusikiliza maoni. Tulikwenda watatu, Injinia, Nilesh na mimi, na mkuu wa idara, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akatukalisha mbele.

Walisema mazuri, walisema mabaya. Kisha akasimama kijana wa mwaka wa mwisho, Baraka.

"Mimi kazi yangu ya kumalizia chuo imepotea," alisema. "Niliangalia nukta Ijumaa, nikaona iko sawa, nikafunga. Jumatatu hamna kitu. Inabidi nirudie mwaka."

"Nukta ilikuwa rangi gani?" Injinia akauliza.

"Ndiyo shida yenyewe, mzee. Sijui. Mimi nyekundu na kijani naziona sawa. Zote naona kama udongo."

Kuna waliocheka. Nilimtazama Injinia, nikitegemea atasema pole, au angalau tutaangalia. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya meza.

"Basi kijana," alisema, "kazi hii siyo yako. Nenda katafute inayokufaa."

Baraka alikaa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba mbele za watu. Hakuna aliyecheka tena.

Mimi si jasiri, lakini nilisimama. "Kazi inamfaa," nikasema. "Nukta ndizo hazifai."

"Binti, kaa."

"Sikai, Injinia. Mwenzetu alishaleta alama ambazo huyu kaka angeziona. Zipo."

Mkuu wa idara akauliza ziko wapi. Nilesh akafungua kompyuta yake bila kumtazama bosi, akamwita Baraka mbele, akamwonyesha. Baraka akainama. "Hiki kisanduku kiko wazi," akasema. "Hiki kimefungwa." Akaonyeshwa mistari, akazitaja alama zote moja baada ya nyingine. Yule mama akageuka kwa Injinia. "Mkileta hii, tunachukua. Ile ya nukta rudini nayo." Kisha akamwambia Baraka amfuate ofisini, waone namna ya kumwongezea muda badala ya kurudia mwaka mzima.

Injinia aliondoka na gari lake peke yake. Mimi na Nilesh tukarudi kwa miguu, tukasimama kwa muuza juisi ya miwa pembeni mwa soko.

"Ana roho gani yule mtu?" nikasema. "Kumwambia mtoto wa watu hivyo?"

Nilesh akanywa kwanza. "Zai, kweli hujagundua?"

"Kugundua nini?"

"Yeye mwenyewe hazioni."

Nikamtazama. Akanikumbusha wageni na ile kijani iliyotuliza macho. Akanikumbusha "namba yake?" Akasema Mama Shayo wa dukani amewahi kumwambia kwamba bosi wetu hanunui kitenge kwa rangi hata siku moja, anasema tu nipe ule wa tatu kutoka juu. Nilesh alikuwa amejua kwa miezi. Pendekezo lake lilikuwa la wanafunzi, lakini pia lilikuwa njia ya kumpa Injinia mlango wa kupita bila kuaibika.

"Nilidhani atashukuru," Nilesh akasema. "Nikamtisha."

Kwa muda mfupi, pale kwenye juisi, nilimwonea huruma. Mtu amefanya kazi ya rangi maisha yake yote akiwa hazioni, amekariri namba kama mtoto wa madrasa anavyokariri aya, na kila siku anaogopa kuumbuka. Ningeweza hata kumheshimu. Angesema neno moja tu chuoni, "Na mimi pia," Baraka angerudi kwao akitembea kifua mbele, na sisi tungembeba Injinia mabegani.

Kesho yake nikaingia chumbani kwake na kompyuta yangu. Nilikuwa nimeweka nukta moja kubwa, na namba nimezificha.

"Injinia, naomba unisaidie. Hii ni rangi gani?"

Akaitazama. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine. "Namba yake?"

"Sijaweka namba. Hii ya kuangalia tu."

Nje muuza kahawa alikuwa anapita akigonga vikombe vyake. Injinia aliangalia ile nukta, kisha akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona macho ya mtu aliyebanwa ukutani.

"Unaweza kuniambia," nikasema. "Haitoki humu ndani."

"Toka ofisini kwangu," akajibu.

Kama ingeishia hapo ningemsamehe. Mtu ana haki ya siri yake. Lakini wiki ileile alimwita Nilesh akamwambia kazi imekwisha, kwa sababu ya "kukosa nidhamu mbele ya mteja". Hakumgusa mwingine, hata mimi niliyemjibu mbele za watu. Alimfukuza aliyejua kabla yetu sote. Yule ambaye Injinia mwenyewe alisimama juani kwenye msiba wa baba yake.

Alama za Nilesh zikaingizwa kwenye kihariri, kwa kuwa chuo kilizitaka. Haukupita muda mrefu, Injinia akaalikwa kuzungumza kwenye ukumbi wa hoteli moja Posta, mbele ya watu wa teknolojia, nami nikapelekwa kumbebea kompyuta. Alipanda jukwaani na koti lake. Nyuma yake, kwenye skrini, kile kisanduku kilichofungwa na kilicho wazi, vikubwa kama milango.

"Siku moja nilimtazama mwanafunzi mmoja," alisema, "asiyeona rangi kama mimi na wewe tunavyoziona. Niliumia. Nikajifungia ofisini, nikachora alama hizi."

Kama mimi na wewe. Ukumbi ukapiga makofi. Mwanamke aliyekaa mbele yangu akamwambia mwenzake kwamba huyu baba ana utu. Niliifunga kompyuta, nikaikabidhi mapokezi, nikashuka hadi barabarani. Barua ya kuacha kazi niliandika nikiwa bado nimesimama, kwa simu, mistari miwili.

Nilesh alikuwa ameshapata chumba Kisutu, juu ya duka la dawa la shemeji yake. Nikajiunga naye, na Baraka alipomaliza chuo akaja pia. Ndiye anayekagua alama zetu zote sasa, na ana lugha kali kuliko Injinia. Akikuambia hii haisomeki, hubishi. Injinia tulimsikia kwa mbali tu. Ofisi yake ilifungwa, wengine walisema anafundisha, wengine walisema amestaafu. Sikuuliza. Jina lake likitajwa, Nilesh alikuwa akibadilisha mazungumzo, na mimi nilikuwa nikilisema neno "msanifu" kwa namna inayomfanya Baraka acheke.

Mwaka huu nilikutana naye Magogoni, mchana, tunangoja pantoni kwenda Kigamboni. Alikuwa amekaa kwenye benchi na mwanamke wa rika langu. Koti lilikuwa lilelile, ila sasa lilimpwaya. Ningeweza kugeuka, lakini alishaniona.

"Marahaba," akasema.

"Shikamoo, Injinia," nikasema, kwa mpangilio huo.

Akamgeukia yule mwanamke. "Huyu alikuwa kijana wangu wa kazi. Huyu ni binti yangu." Tukasalimiana. Dada yule alikuwa mchangamfu, si kama baba yake, akanisogezea nafasi.

"Kumbe ndio nyinyi mliokuwa mnafanya yale mambo ya alama na rangi?" akaniuliza. "Basi nisaidie, dada yangu. Nina mtoto darasa la pili, ananitesa. Juzi wameambiwa wapake rangi bendera ya taifa, penye kijani kaweka kahawia. Mwalimu kaona ni dharau, kamchapa. Miti anaipaka kahawia, majani anayapaka kahawia. Namwambia angalia vizuri, analia. Baba anasema ni uvivu tu, nisimdekeze."

Nikamtazama Injinia. Alikuwa anaangalia geti, pale pantoni linapotokea.

Nilimpa Injinia nafasi ya kujibu yeye, tena kubwa. Wachuuzi wa karanga walipita, mtoto wa mtu alilia na kubembelezwa, dada yule akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Injinia akatoa leso, akajifuta shingo.

"Pantoni limechelewa," akasema.

"Siyo uvivu," nikamwambia binti yake. "Mpeleke kwa daktari wa macho apimwe. Kuna watu kijani na nyekundu wanaziona sawa, na wengi wao ni wanaume. Hawajakosea kitu, wamezaliwa hivyo. Mara nyingi mtoto wa kiume anaipata kupitia kwa mama yake, naye mama kaitoa kwa baba yake. Mama mwenyewe anakuwa haoni tofauti yoyote."

Alikaa akiyapanga maneno hayo. Niliona yanavyofika, moja baada ya jingine. Akageuka taratibu.

"Baba," akasema. "Ni kweli anayosema?"

Mzee hakumtazama. Aliweka leso mfukoni, akafunga kifungo cha koti. Nilidhani ataniambia nitoke, kama zamani, ingawa pale hapakuwa ofisi ya mtu.

"Ni kweli," akasema. "Hayo nilimfundisha mimi."

Maneno yalinijaa mdomoni. Nilikuwa nayo yote, ya Nilesh, ya Baraka, ya jukwaani Posta. Lakini dada yule alishatoa simu kwenye pochi na kuiweka sikioni, mkono mwingine ameuweka juu ya goti la baba yake, bila kumkazia wala kumwachia. Nikafunga mdomo.

"Mwalimu, habari za mchana," alisema. "Ni mimi, mama yake Iddi. Naomba usimchape tena."